Ishara Angani na Amri ya Nane

Jioni ile tulikuwa tumemaliza ibada katika mtaa mmoja wa kijijini, sisi walimu wawili na wanafunzi tisa wa chuo cha theolojia waliokuwa katika mazoezi ya huduma. Umeme haujafika kule, na mwezi ulikuwa haujachomoza. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa tukiagana na washarika, kama ilivyo desturi, mtoto mmoja alipopiga kelele na kunyosha kidole upande wa magharibi. Tukainua macho. Taa nyeupe zilikuwa zinapanda angani zimefuatana kwa mstari mmoja ulionyooka, kama shanga kwenye uzi, bila mlio wowote. Wanafunzi walihesabu hadi thelathini na kitu, wakapoteza hesabu. Zilipita karibu na utosini kwetu, zikaelekea mashariki, kisha zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine mahali palepale, kana kwamba zinaingia mlangoni. Yote hayo hayakuchukua dakika tano.

Kwa kitambo hakuna aliyesema neno. Kisha mama mmoja mzee alipiga magoti vumbini akaanza kuungama dhambi zake kwa sauti. Wengine wakamfuata. Mwinjilisti wa mtaa, mtumishi mwaminifu ambaye amelichunga kundi lile kwa miaka mingi kwa posho ndogo sana, aliinua mikono akaomba, na katika maombi yake akataja yale Bwana aliyoyasema katika Luka 21 juu ya ishara katika jua, mwezi na nyota. Nasi tulipiga magoti pamoja nao. Ni lazima tuseme hivyo, maana kuna kishawishi cha kusimulia kana kwamba tulijua tangu mwanzo. Hatukujua. Tuliogopa kama wao.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Watu ambao hawakuonekana tangu Krismasi walikuja. Sadaka ilikuwa mara mbili ya kawaida, na mnada wa mazao ulichukua saa nzima. Zaidi ya hayo, wazee wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambao kwa miaka kumi na mmoja hawakusalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba la urithi, walisimama mbele ya madhabahu wakashikana mikono. Wengi walilia. Sisi pia.

Siku ya Jumanne mwanafunzi mmoja alikwenda sokoni mjini, mahali ambapo simu hupata mtandao. Alirudi akiwa kimya. Jioni, baada ya chakula, alitueleza alichokipata: zile taa zilikuwa setilaiti za mawasiliano, zilizorushwa kutoka Marekani siku chache tu kabla ya jioni ile. Saa ilipatana, upande zilikotokea ulipatana, hata namna zilivyozimika ilipatana. Hapakuwa na shaka.

Ndipo swali likaja, nalo ndilo lililotufanya tuandike insha hii. Je, tuwaambie?

Tulikaa mpaka usiku wa manane. Mwanafunzi mmoja alisema tunyamaze. Mungu, alisema, hutumia chochote apendacho. Alimtumia punda wa Balaamu, akawatumia mamajusi nyota. Kwa nini asitumie setilaiti? Ndugu wawili wamepatana. Sisi ni nani tuwapelekee sababu ya kugombana tena? Mwingine alisema kwamba kunyamaza si kusema uongo, kwa kuwa hakuna aliyetuuliza. Dada mmoja, ambaye huwa hasemi sana, alisubiri wenzake wamalize, akasema: “Kila nyumba hapa ina mjukuu aliye mjini mwenye simu. Krismasi watarudi, watawaambia bibi zao zile taa zilikuwa nini. Kisha bibi zao watajiuliza: mchungaji alijua? Na kama alijua, ni lipi jingine alilotuficha?”

Hatukupata usingizi mzuri usiku ule. Tuliyajua majibu ya darasani, lakini darasani hakuna ndugu wawili wanaoshikana mikono mbele yako.

Katika hesabu yetu sisi Walutheri, katazo la ushuhuda wa uongo ni amri ya nane. Tumezoea kuifundisha kama amri inayomlinda jirani asisingiziwe. Lakini katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza amri ya pili, ile ya Jina la Mungu, anataja pia kudanganya kwa kulitumia Jina hilo. Tulipozisoma amri hizo mbili pamoja tuliona mahali tulipokuwa tumesimama. Kama tungenyamaza kuhusu taa za kawaida, labda ungekuwa udhaifu tu. Lakini zile taa zilikuwa tayari zimepewa jina la Mungu, ndani ya kanisa lake, sisi tukiwa tumevaa kanzu. Kila Jumapili ambayo tungeongoza ibada huku tukijua na kunyamaza, tungekuwa tunatia sahihi kwa Jina lake chini ya habari tunayojua si kweli.

Ayubu aliwauliza rafiki zake swali ambalo kila mhubiri angepaswa kulibandika ndani ya Biblia yake. Katika sura ya 13, mstari wa 7, anawauliza kama wanadhani inafaa kumtetea Mungu kwa maneno yasiyo ya haki. Rafiki wale hawakuwa watu wabaya. Walitaka kumlinda Mungu. Lakini mwisho wa kitabu Mungu hakuwashukuru. Aliwakemea, na ikabidi Ayubu awaombee. Mungu haombi msaada wa uongo wetu, hata ule wenye matunda mazuri.

Luther mwenyewe, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha aina mbili za wanatheolojia. Yule anayetafuta utukufu huita ubaya wema na wema ubaya. Yule wa msalaba huita kitu kile kilivyo. Tumeufundisha mjadala huo kwa miaka mingi kwa maneno makubwa. Hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja ungetudai tuiite setilaiti setilaiti.

Historia nayo ina la kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 1520, wanajimu wa Ulaya walitangaza kwamba sayari zitakusanyika katika nyota za Samaki mwezi Februari 1524, na kwamba gharika ingefuata. Vijitabu vilichapishwa kwa wingi, na hofu ilienea katika miji mingi. Februari ilikuja ikapita bila gharika. Ndani ya nyumba ya matengenezo yenyewe watu hawakuwa na nia moja kuhusu unajimu: Melanchthon aliuheshimu, Luther aliudhihaki. Hivyo si sisi wa kwanza katika kanisa letu kukaa meza moja tukibishana juu ya mambo ya angani.

Habari nyingine ni ya uchungu zaidi. Mwaka 1997, wakati nyota yenye mkia iitwayo Hale-Bopp ilipong'aa angani, uvumi ulienea kwamba kuna chombo kinachoifuata nyuma yake. Wataalamu wa nyota walikwisha kueleza kwamba kile kilichoonekana kwenye picha kilikuwa nyota ya kawaida. Kundi moja huko California halikusikiliza. Kiongozi wao, Marshall Applewhite, alikuwa mtoto wa mchungaji. Mwezi Machi mwaka huo watu 39 wa kundi hilo walijiua, wakiamini kwamba roho zao zingechukuliwa na chombo hicho. Hatusemi kwamba kila anayepiga magoti chini ya taa anaelekea huko. Mama yetu mzee aliungama dhambi zake, na kuungama ni jambo jema wakati wowote. Tunasema tu kwamba aliyejifunza kuongozwa na taa asiyoijua atamfuata yeyote atakayekuja kumtafsiria taa inayofuata. Na atakayekuja kesho huenda asiwe mwinjilisti wetu mwaminifu.

Yupo pia mfano mwema. Tarehe 11 Novemba 1572, Tycho Brahe, Mdenmarki na Mlutheri, alikuwa anarudi nyumbani jioni akaona nyota angavu mahali ambapo hapakuwa na nyota. Alikuwa anazijua nyota kuliko karibu watu wote wa wakati wake, lakini hakuyaamini macho yake. Aliwauliza watumishi aliokuwa nao kama wanaiona. Kisha akawauliza wakulima waliokuwa wanapita. Wote walipokubali kwamba ipo, ndipo akaanza kuipima usiku baada ya usiku. Nyota ile ilifika kung'aa kama Zuhura, ikaonekana hata mchana, kisha ikafifia mpaka ikapotea mwaka 1574. Vipimo vyake vilionyesha kwamba ilikuwa mbali kuliko mwezi, ingawa wenye elimu walifundisha kwamba mbingu za mbali hazibadiliki kamwe. Naye hakuacha kubashiri maana yake kwa unajimu, maana alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini kwanza aliuliza na kupima. Tunapenda hasa kwamba msomi yule aliuliza wakulima. Kutambua taa ni kazi ya jumuiya. Mtume Paulo alipowaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema, aliliandikia kanisa zima.

Kwa sababu hiyo tunaweka hapa maswali machache ambayo mzee wa kanisa yeyote anaweza kuuliza washarika wake wakija na habari ya taa. Je, taa inasogea au imetulia? Kama imetulia na inang'aa sana magharibi baada ya jua kuzama, au mashariki kabla ya kupambazuka, yaelekea ni Zuhura, angavu kuliko vyote angani baada ya jua na mwezi. Zuhura haiendi mbali na jua, kwa hiyo kwetu huku haionekani katikati ya usiku. Ikiwa karibu na upeo wa macho, hewa huifanya imetemete na kubadili rangi, na mtu anayetembea au aliye ndani ya gari huapa kwamba inamfuata. Kama kuna taa angavu iliyotulia usiku wa manane, huenda ni Mshtarii. Njooni kesho saa ileile: ikiwa iko karibu palepale, ni sayari au nyota.

Kama inasogea, je, inapepesa nyekundu na kijani? Hiyo ni ndege. Je, imechora mstari wa moto na kutoweka kwa sekunde chache? Hicho ni kimondo. Je, inakwenda taratibu bila kupepesa, bila sauti, ikavuka anga kwa dakika chache? Hiyo ni setilaiti, au Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachozunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, kwenye kimo cha kilomita kama 400, kikiwa na watu ndani. Na kama ni taa nyingi zilizofuatana kwa mstari, basi ni kama zile tulizoziona sisi. Mwezi Mei 2019 kampuni ya SpaceX ilirusha kundi la kwanza la setilaiti 60 za Starlink kwa roketi moja, na tangu hapo makundi mengine mengi yamefuata. Siku za mwanzo huwa bado zimekaribiana, kabla ya kupanda na kutawanyika. Hazina taa zake zenyewe. Zinaakisi jua, ambalo kwetu limekwisha kuzama lakini kule juu bado linawaka. Zinapoingia katika kivuli cha dunia huzimika. Ule mlango tuliouona zikiingia ulikuwa kivuli chetu wenyewe.

Na kama baada ya maswali yote hatujapata jibu? Basi tuseme hatujui. Hilo nalo ni jibu halali kwa Mkristo. Asiyejua halazimiki kusema ni Mungu, wala halazimiki kusema ni shetani.

Mtu atauliza: je, mkieleza kila kitu, Mungu atabaki na nini? Swali hili tumelisikia darasani mara nyingi, na huulizwa kwa hofu ya kweli. Tunajibu kwa kurudi Mwanzo sura ya kwanza. Mataifa jirani ya Israeli yaliabudu jua na mwezi. Mwandishi wa Mwanzo hakuvitaja hata kwa majina. Aliviita mianga miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, akaeleza kazi yake kama mtu anavyoeleza kazi ya taa nyumbani. Nyota alizitaja kwa maneno machache kama nyongeza. Hakuzidharau, maana Zaburi ya 19 inasema zinatangaza utukufu wa Mungu. Lakini alizivua uungu ili watu wasiziogope, na Yeremia sura ya 10 inatuonya tusishangazwe na ishara za mbinguni kama wanavyofanya mataifa. Imani yetu ilianza kutaja vya angani kwa majina yake muda mrefu kabla ya darubini.

Wazee wetu pia walifanya hivyo. Kundi la nyota liitwalo Kilimia lilipata jina lake kutokana na kulima, kwa kuwa lilimwambia mkulima msimu wa jembe umefika. Na yeyote anayekwenda Mbozi, mkoani Songwe, anaweza kukigusa kwa mkono kimondo cha chuma chenye uzito wa tani 16 hivi, kilichotoka huko juu. Kukijua ni chuma hakukupunguzi mshangao. Hata mamajusi, nyota iliwafikisha Yerusalemu. Jina la Bethlehemu walilipata katika Maandiko.

Tuliwaambia Jumapili iliyofuata. Baada ya mahubiri tulisimama mbele ya washarika, tukaeleza zile taa zilikuwa nini na tumejuaje. Tulisema pia kwamba sisi wenyewe tulipiga magoti, na kwamba hatuoni aibu kwa sala tulizosali, maana hatukuziomba taa.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Hatukumweleza mwinjilisti kwanza. Tulikuwa tumehangaika sana na swali la kusema au kutosema, tukasahau kuuliza nani asikie kwanza. Alisikia pamoja na watu wote, mbele ya watu aliowahubiria Luka 21 juma lililotangulia, naye aliinamisha kichwa. Tulimwendea jioni nyumbani kwake kuomba radhi. Alitukaribisha chai. Alisema: “Baba Mchungaji, ukweli ulikuwa wenu kuusema. Aibu ndiyo mngenipa nafasi niibebe mwenyewe.” Tuliondoka tumeinama. Amri ya nane, kama Luther alivyoieleza, inatutaka pia tumtetee jirani na kusema mema juu yake. Tulikuwa tumeitimiza nusu tukaivunja nusu.

Nasi tusifiche hasara. Jumapili ya tatu madirisha yalikuwa wazi tena, hakuna aliyesimama. Kijana mmoja aliyekuwa ameandikishwa kwenye mafundisho ya ubatizo hakurudi, wala hatujui kama atarudi. Sadaka ilishuka ikawa kama zamani. Mama mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza zile taa ni za nani. Tukamwambia ni za kampuni ya Marekani, kwa ajili ya intaneti. Akafikiri kidogo. “Kumbe anga nalo siku hizi lina wenyewe,” akasema, akachukua fimbo yake akaenda zake. Neno hilo linahitaji insha nyingine.

Tulichoogopa zaidi ni wale ndugu wawili. Siku tuliyokuwa tunarudi chuoni tulipita kwa yule mkubwa kuaga. Tulimkuta shambani, kwenye mpaka ule ule, na mdogo wake yuko upande wa pili wanang'oa pamoja miti waliyokuwa wamepanda kwa ugomvi. Tulimuuliza, kwa woga kidogo, kama ile habari ya setilaiti ilimsumbua.

Alifuta jasho, akamtazama mdogo wake. “Ilinisumbua siku mbili,” alisema. “Nikajiuliza, basi nilimpa mkono kwa sababu gani? Nikaona sababu nilikuwa nayo miaka kumi na mmoja. Zile taa zilinitisha tu nikaitoa. Sasa zimekwenda, na yeye yupo.”

Hatuwezi kusema kwamba ingekuwa hivyo kila mahali. Pengine kwingine ndugu wangerudi kwenye ugomvi, nasi bado tungepaswa kusema. Lakini tulipanda gari tukiwa na neno la mzee yule mioyoni, tukimshukuru Mungu aliyewapatanisha, na tukimwomba atusamehe kwa ajili ya mwinjilisti wetu. Njiani giza liliingia. Magharibi Zuhura ilikuwa imetokea, nyeupe na tulivu, na mwanafunzi mmoja aliitaja kwa jina lake.